Mwenyekiti Ahamia Chumba cha Jeneza

Kambarage, Shinyanga
3 Oktoba 2022

Mdogo wangu Mwamvita binti Ngusa, huko Nkome,

Assalaam alaykum. Mhola, hujambo? Mimi mhola kabisa, ni goti la kushoto tu linaloniletea ubishi, nalo nitalishinda. Wifi yako Tabu mzima, anakusalimu sana. Michembe ya viazi aliyokukaushia iko kwenye mfuko huu mweusi, usiwagawie majirani yote. Jogoo mwekundu amekufa. Mvua bado.

Naandika kwa mkono wangu mwenyewe. Hapa mtaani kuna watu wamesoma mpaka vyuo na barua hawawezi, wanabonyezabonyeza tu. Mimi madarasa yangu manne yamenitosha mpaka leo. Simu uliyoninunulia iko kabatini. Ikilia anapokea Tabu, nikiongea anasikia Tabu, sasa hiyo ni siri gani? Kondakta wa basi la Geita ni mtu wetu, atakufikishia.

Jambo lililonitoa usingizini ni hili. Walio juu yetu wilayani wameleta karatasi kwamba kila msikiti ufanye uchaguzi wa kamati. Mimi Maulidi Ngusa, niliyebeba tofali la kwanza la Msikiti wa Kisimani kwa bega hili, mwenyekiti miaka ishirini na mbili, leo nipigiwe kura kama mtu asiyejulikana! Na anayegombea nami ni nani? Sadiki Magesa, yule mwenye karasha la kusagia mawe ya dhahabu huko Geita. Amerudi na gari, na shati lenye vifungo vinavyong'aa, na anasema msikiti unataka "uongozi wa kisasa." Msikiti wa kisasa ni upi? Qibla imehama?

Lakini usiogope, mdogo wangu, kaka yako si wa jana. Karatasi yenyewe inasema uchaguzi hauwi halali mpaka nusu ya waumini walioandikwa kwenye daftari wawe wamehudhuria. Sasa sikiliza akili. Mwaka jana wilayani walitaka hesabu ya waumini, na wale wa msikiti wa stendi wakajisifu kwamba wako mia mbili. Mimi nishindwe na watu wa stendi? Nikakaa na kalamu siku mbili. Nikaandika wanaume wote, wakafika tisini na sita. Nikaandika wake zao, mama zao, dada zao, wajane wote wa mtaa, na wewe pia nimekuandika, namba mia mbili kumi na moja. Tukafika mia mbili themanini na saba. Stendi walinyamaza wiki nzima.

Kwa hiyo nusu ni mia na arobaini na nne. Wanaume wakija wote, hata wagonjwa wakibebwa, hawafiki mia. Uchaguzi hauwezekani mpaka Kiyama. Nitabaki kwenye kiti kwa sheria yao wenyewe.

Soma, cheka, halafu choma.

Kaka yako,
Maulidi Ngusa, Mwenyekiti

*

Nkome, Geita
29 Oktoba 2022

Kaka Maulidi,

Shikamoo. Na wa alaykum salaam wewe na wote wa hapo nyumbani. Michembe imefika, imebaki nusu, kondakta wako ana meno. Mwambie wifi wabeja, asante sana. Huku ziwa limechafuka wiki mbili, mitumbwi imelala, dagaa niliowaanika wameloa mara tatu nikawaanika mara nne. Nakutumia debe moja la waliokauka vizuri. Binti zangu wote wazima, mdogo amejifungua salama, mtoto wa kiume, analia kama wewe ukinyimwa chai.

Nimecheka, lakini sijachoma. Barua nzuri hivi nichome?

Huyo Sadiki namjua. Huku machimboni aliwawekea watu wa msikiti mmoja mdogo zulia jekundu, zito, mtu akisujudu paji linazama. Imamu akatoa hotuba ya Ijumaa juu ya wanaopunja mizani. Hakutaja jina. Jumatatu Sadiki akaja na vijana wawili, wakalikunja zulia, wakaondoka nalo. Watu wakarudi kusujudu kwenye saruji. Kwa hiyo kaka, akileta kitu, kishukuruni, lakini msikikalie.

Umesema mengi, na hujanijibu nililokuuliza Idd zote tatu zilizopita. Kile chumba cha wanawake cha nyuma kimefanyiwa nini? Nilipokuja mwaka juzi tulisali kati ya jeneza na mabirika, bati linavuja, dirisha hakuna, na hotuba hatukuisikia hata neno. Unapenda kuhadithia jinsi Sayyidna Omar alivyosahihishwa na mwanamke mbele ya watu, naye akakubali kwamba yule mama amesema kweli. Hadithi nzuri. Yule mama angekuwa Msikiti wa Kisimani, angesahihisha jeneza.

Daftari lako nalisifu. Lihifadhi lisiliwe na mchwa, wala usifute jina hata moja.

Mdogo wako,
Mwamvita, namba mia mbili kumi na moja

*

Kambarage
20 Novemba 2022

Mdogo wangu,

Salaam nyingi. Dagaa wamefika, nyumba nzima inanuka Nkome. Mjukuu mpe jina langu, atakuwa na akili. Mvua imeanza, tumepanda mahindi na choroko, pamba bado nawaza. Goti limetulia.

Sadiki ameleta spika nne. Nne! Msikiti wetu na spika nne ni kama kumvika mbuzi buti. Adhana ya alfajiri ya kwanza, Mwalimu Theonest jirani yangu, Mkatoliki, alikuja kwa upole akauliza, "Mzee Maulidi, leo mmemwita Mungu au mmemfukuza?" Nikamwambia ni uongozi wa kisasa.

Siku hizi nasikiliza sana redio. Majuzi wakaeleza habari za nchi moja ya Waislamu huko mbali, mtawala wake amekaa miaka thelathini, akiulizwa juu ya uchaguzi anasema watu hawako tayari. Nilikasirika nikapiga meza. Nikamwambia Tabu, huu ni udhalimu, Kitabu kimesema mambo yao wanashauriana, huyu anashauriana na nani, na kioo? Tabu alikuwa anachambua choroko, hakuinua kichwa. Akauliza, "Na wewe una mingapi?" Nikamwambia ishirini na mbili, lakini mimi ni tofauti, mimi wananipenda. Akasema, "Huenda na yule kwake wanamwambia hivyo hivyo." Mwanamke huyu tangu aanze kikundi cha mikeka amekuwa na ulimi.

Kikundi chenyewe wanakutana kila Alhamisi kwenye uwanja wetu. Walianza sita, sasa sijui hata wanapokaa, na mikeka siioni ikiongezeka. Lakini nawaacha, ni vizuri wanawake wakiwa na shughuli. Juzi Tabu aliomba daftari la waumini amsomee bibi mmoja jina lake, maana hajawahi kuona limeandikwa popote. Nikampa. Mimi si mchoyo.

Siku ya uchaguzi imepangwa, Ijumaa ya tarehe sita Januari. Watakuja watu tisini, nitasimama, nitasoma kanuni, nitasema "hatujatimia, asanteni, rudini nyumbani." Nimeanza kufanya mazoezi mbele ya ng'ombe.

Karatasi imekwisha.

Kaka yako,
Maulidi Ngusa, Mwenyekiti

*

Nkome
18 Desemba 2022

Kaka,

Shikamoo. Huku wote wazima. Mjukuu ameitwa Idrisa, samahani.

Nimechelewa kujibu, na si kwa kukosa mtu wa kumtuma. Karatasi ya barua yako ilikuwa imebaki upande mmoja mweupe wote. Unasema karatasi imekwisha kila nikiuliza juu ya chumba kile, basi leo nitakwambia kwa nini nauliza.

Mwaka aliofariki mume wangu, ndugu zake walitaka nyumba yetu ya Songwa. Hawakwenda mahakamani, walikuja kwako, maana wewe ni mwenyekiti na ni kaka yangu, wakajua nitaheshimu. Mliketi ukumbini, wewe, kamati yako na shemeji zangu watatu. Mimi niliambiwa nikae chumba cha nyuma, shauri litaamuliwa na nitaletewa jibu. Kaka, siku ile mvua ilikuwa inanyesha juu ya bati. Kwa kubandika sikio ukutani niliwasikia shemeji zangu wakisema marehemu aliwaachia wao kwa mdomo. Ni uongo. Nikasema ni uongo. Nikapiga ukuta kwa kiganja, halafu kwa kifuniko cha birika. Nikataja fungu langu na mafungu ya binti zangu wawili, yaliyoandikwa na Mungu mwenyewe, si na mjomba wa mtu. Baadaye ulikuja mlangoni ukaniambia, "Hakuna aliyesema neno upande wako, mdogo wangu, vumilia."

Nikavumilia mpaka Nkome. Ni mbali kidogo.

Sitaki nyumba, ilishauzwa mara mbili. Nataka ujue tu kwamba hukuamua peke yako. Uliamua na ukuta.

Mwezi ujao nina safari kidogo ya biashara. Ukiniandikia na nisijibu mapema, usishangae.

Mwamvita

*

Kambarage
9 Januari 2023

Mdogo wangu Mwamvita,

Assalaam alaykum, na takbir! Kaka yako ameshinda! Kura mia moja sitini na tatu kwa hamsini na moja! Wape habari watu wote wa mwaloni mnakoshusha dagaa, na wavuvi, na hata samaki.

Tabu mzima. Mahindi yamefika gotini, goti langu zima.

Sasa nikupe ilivyokuwa. Ijumaa baada ya swala nikahesabu vichwa, themanini na nane. Nikajisemea, kazi imekwisha. Nikasimama, nikakohoa, nikafungua mdomo kusema hatujatimia. Nikasikia kishindo cha ndala nje. Wanawake! Wanaingia uwani kama mnada wa ng'ombe umefunguliwa, wakafunga pazia la kanga kutoka nguzo hadi nguzo, wakaketi. Nyuma ya pazia sauti ya Tabu ikaanza kusoma majina kutoka kwenye daftari, na kila jina linaitikiwa "Labeka!" Wakafika mia na ishirini na sita.

Sadiki akaruka juu. "Hawa si waumini wa kuhesabiwa! Hilo daftari ni la kuongeza namba tu!" Mwamvita, damu ilinipanda. Mtu wa karasha aniambie mimi mbele ya watu kwamba daftari langu ni la uongo! Nikamwambia, "Sadiki, hilo daftari nimeliandika mimi kwa mkono wangu siku mbili, na kila jina humo ni muumini kamili, na anayekataa aje anifundishe kuandika!" Watu wakapiga takbir. Nikaketi nimeridhika. Nilipokwisha kuketi ndipo nikaelewa nilichosema.

Kura tulipiga kwa mbegu za pamba, kila mtu mbegu yake moja. Birika la njano langu, la kijani la Sadiki. Wanaume kwanza, halafu mabirika yakapita nyuma ya pazia. Wanawake wote, mbegu zote mia na ishirini na sita, wakatia kwenye la njano. Hakuna hata mmoja aliyekosea rangi. Hayo ndiyo mapenzi ya watu. Sadiki amekuja kuchukua spika zake Jumamosi.

Kuna karatasi moja niliweka sahihi hapo katikati, mambo madogo ya kiofisi.

Barua yako ya Desemba nimeipata.

Kaka yako,
Maulidi Ngusa, Mwenyekiti kwa Kura

*

Nkome
25 Januari 2023

Kaka mpendwa, Mwenyekiti kwa Kura,

Shikamoo, na hongera. Nimerudi salama kutoka kwenye biashara yangu. Idrisa ameota jino. Ziwa limetulia na dagaa ni wengi mpaka bei imeanguka.

Watu wa mwaloni nimewapa habari kama ulivyoagiza, lakini wao wana habari zao. Dagaa wanatembea, na habari zinatembea nao. Wanasema wanaume walipomaliza, birika la njano lilimwagwa kwenye mkeka na zikahesabiwa mbegu thelathini na saba. La kijani likamwagwa, hamsini na moja. Wanasema kaka yangu alikuwa ameanza kutafuta viatu vyake. Ndipo mkono ukatoka nyuma ya pazia ukiwa na karatasi na kalamu. Mwenyekiti akaisoma mara moja. Akaisoma mara ya pili kwa sauti ya chini. Akasema, "Hii ni rushwa." Sauti ikamjibu, "Hii ni shura." Akatazama birika la kijani, akamtazama Sadiki aliyekuwa ameshaanza kupokea mikono ya pongezi, akaweka sahihi.

Mimi sikuwepo, kaka, nilikuwa kwenye biashara. Niambie tu, hayo mambo madogo ya kiofisi ni yapi?

Na barua ya Desemba, umesema umeipata. Kuipata hata kondakta aliipata.

Mwamvita

*

Kambarage
12 Februari 2023

Mwamvita binti Ngusa,

Salaam. Tabu mzima, sana. Mvua ni nyingi, choroko zimeoza kidogo, mahindi yana mbelewele. Goti sitalitaja.

Kwanza, mkono ule uliotoka nyuma ya pazia. Mimi nina miaka sabini na sita, macho yamechoka lakini pua haijachoka. Kambarage nzima hakuna mkono wa mwanamke unaonuka dagaa wa Nkome kiasi kile. Sikusema kitu mbele ya watu. Ulilala kwangu? Ulilala kwa nani? Tabu anasema hajui, na alikuwa anacheka ndani ya sufuria.

Karatasi ilisema mambo matatu, na kwa kuwa unayajua, nitayaandika ili ujue kwamba na mimi nayajua. Moja, ukumbi ukatwe kwa pazia, nusu ya nyuma iwe ya wanawake, wasikie hotuba kama watu. Mbili, wanawake wawili waingie kwenye kamati. Wamemchagua Tabu na mama mmoja mjane anayeuza mkaa sokoni, Paskalia wa zamani, siku hizi Mwanahawa. Tatu, kamati ihamie kufanya vikao kwenye kile chumba cha nyuma, mpaka bati na dirisha vitakapotengenezwa.

Watu wa stendi wanacheka kwamba Mwenyekiti amehamia chumba cha jeneza kabla ya wakati wake. Nimewajibu ni mimi mwenyewe niliyetaka kuona hali ilivyo.

Juzi Ijumaa nilikaa kule nikajaribu. Nilimwambia imamu aendelee na hotuba yake ukumbini nami nisikilize kutoka chumbani. Mvua ikaanza. Nikasikia bati. Nikasikia bati tu. Nikaita, "Imamu, pandisha sauti!" Nikaita tena. Sauti yangu unaijua, hii sauti imefukuza fisi Kishapu. Nikapiga ukuta. Walipotoka nje baada ya swala nikawauliza, "Mlinisikia?" Wakasema, "Mzee, kwani ulikuwepo?"

Kuhusu lile la Songwa, nimekaa na kalamu muda mrefu kuliko nilipoandika daftari. Mimi nilisoma madarasa manne. Hilo nadhani lilikuwa la darasa la tano. Kwa hiyo nitakueleza kikao cha Jumamosi iliyopita, nawe utafanya unavyojua.

Kilikuwa kikao cha kwanza mle chumbani. Tumekaa kwenye mikeka, jeneza tumelisogeza ukutani, ndoo iko katikati inapokea maji ya bati. Amekuja mjane mmoja wa mtaa wa Ndala, mumewe amefariki mwezi wa kumi na moja, na shemeji zake wawili wanataka kiwanja. Zamani angengoja nje. Safari hii Tabu alimkalisha mbele yangu, uso kwa uso, kanga imemlowa mabegani.

Shemeji zake wakasema. Wanajua kusema, wana barua ya mtendaji. Halafu yule mama akaanza. Mwamvita, mimi nimesikiliza mashauri miaka ishirini na mbili, nikisikia maneno matatu najua mwisho. Akasema maneno matatu, nikajua mwisho. Nikainua mkono ninavyouinua siku zote, hukumu iko tayari mdomoni. Tabu akasema, taratibu, kama anamwambia mtu anayevuka barabara, "Mwenyekiti, zamu yako bado."

Kamati nzima ikatazama ndoo.

Nikashusha mkono. Yule mama akaeleza. Alianza mbali, kuanzia ng'ombe waliouzwa kununua kiwanja, ng'ombe wa baba yake yeye, si wa mume. Hilo halikuwa kwenye maneno matatu ya kwanza. Wala halikuwa kwenye kumi ya kwanza. Lilitoka alipokwisha kulia na kujifuta na kuomba maji. Ningeinua mkono wangu, lisingetoka kamwe, na ningekwenda nyumbani kula nikiwa nimeridhika na haki yangu.

Mwisho Tabu akasema, "Haya Mwenyekiti, zamu yako imefika."

Wote wakanigeukia. Shemeji zake, mama wa mkaa, yule mjane. Ile hukumu niliyokuwa nayo mdomoni nikaitafuta, haikuwepo. Nilikuwa na kitu kimoja tu cha kumuuliza, na nilikuwa nimechelewa kukiuliza miaka mingi.

Nikamwambia, "Mama, umemaliza, au bado una neno?"

Akasema bado analo.

Nikamwambia, "Sema."

Mimi kaka yako,
Maulidi Ngusa